Mama Tanzania wa Mwalo wa Katonga

Marsiana anaanika dagaa Katonga, na ukitaka kumuudhi mwambie dagaa wake wana mchanga. Ukitaka kumuudhi zaidi, mwite Mkongo. Aliyevuka ziwa ni babu yake. Yeye kazaliwa Buzebazeba, kitovu chake kimezikwa hapo hapo, na huko ng'ambo anakujua kwa milima tu, siku anga likiwa safi.

Basi ilipokaribia sikukuu ya Uhuru, kamati ya mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, ikamwita Gasper, mchoraji wa majina ya mitumbwi, aje amchore Mama Tanzania kwenye ukuta wa banda la kuuzia samaki. Gasper naye ni mtu wa maneno. Kabla hajashika brashi akawaeleza akina mama kwamba nchi kuchorwa kama mwanamke si jambo la leo. Warumi waliichora Uingereza hivyo kwenye sarafu zao, na baadaye Waingereza wenyewe wakamshikisha mwanamke huyo mkuki wa ncha tatu. Wafaransa tangu mapinduzi yao wana wa kofia nyekundu, Wamarekani wana wa mwenge, na sisi tunaye bibi wa kwenye ngao ya Taifa, pamba miguuni.

"Huyo wa mkuki ni mvuvi mwenzetu," Marsiana akasema, watu wakacheka.

Gasper akamtazama. "Sura yako inafaa, mama. Nitakuchora wewe."

Jamani, alivyofurahi! Lakini Veneranda, jirani yake wa chanja za kuanikia dagaa, akadakia, "Mama Tanzania gani wa kutoka ng'ambo? Watu watatucheka."

Kamati ikasema Gasper aanze tu kwa mkaa, wao wataamua Jumamosi jioni. Marsiana akarudi kwenye dagaa wake. Ilimuuma, tusidanganyane.

Jumamosi akaanika dagaa wake mapema, kisha akarudi kapendeza: kitenge cha kanisani, kilemba cha juu, viatu vya kisigino, mwaloni! Veneranda naye alishaanika, akaenda msibani Ilagala. Marsiana akasimama mbele ya Gasper, shingo imenyooka kama ya yule bibi wa kwenye ngao. Mara wingu likatanda juu ya ziwa.

Katonga mvua ikija, unaanza kuanua dagaa wa jirani asiyekuwepo, ndipo wako. Marsiana akavua viatu, akakimbia. Akawazoa wa Veneranda wote, akawafunika turubai. Alipowageukia wake, nusu walishalowa. Kilemba kimemfumukia shingoni, wanja unachuruzika, ananuka dagaa mwili mzima.

"Mtafute mwingine," akamwambia Gasper akihema. "Mimi nimeshaharibika."

Jioni Veneranda akarudi, akafunua turubai. Dagaa wake wakavu. Akageuka akaona wa Marsiana walivyolowa kwenye chanja. Aibu ikamjaa, akaenda bandani ilikokaa kamati.

"Achorwe Marsiana," akasema. "Na wewe Gasper, mkuki na mwenge waachie wenyewe. Huyu mshikishe turubai, na umchore miguu peku."

"Si ulisema ni wa ng'ambo?" mzee mmoja akamuuliza.

"Nilikosea."

Picha ipo mpaka leo. Marsiana hupita akijifanya haioni, ila hatua zake hapo huwa za taratibu. Na mgeni akiuliza yule ukutani ni nani, Veneranda ndiye wa kwanza kujibu.

"Ni Mama Tanzania," husema. "Chanja yake ile pale, jirani na yangu."