Ukurasa wa Mpingo

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya sukari ya duka la ushirika, Mwenge, dada muuzaji alikuwa kazama katika kitabu cha katuni. Humo mashujaa wa vitabu viwili tofauti wameungana kuokoa watu wanaowindwa hadi waishe. Mzee mchonga vinyago, Mmakonde aliyekimbia vita ng'ambo ya Ruvuma, akachungulia.

"Mwanangu, walipona?"

"Sijui, mzee. Ukurasa wa mwisho umechanika. Hapa wamebaki kumi na mmoja."

Jana mzee karudi na gogo la mpingo alilolichonga. Watu kumi na mmoja wamebebana, mama mmoja chini kabisa.

"Ukurasa wako huo."

Dada akaupapasa. "Na wale mashujaa wanaoruka?"

"Tuliwangoja, hawakuja. Tukabebana hivi."

Foleni nzima ikavunjika, kila mtu auguse. Hata mie, ambaye kwa sukari siachagi nafasi yangu.