Jeli Aliyoikataa Magokoro

Aga inapochemka hunuka bwawa. Si harufu ya kukukimbiza, ni ya majani yaliyolala majini muda mrefu, imechanganyika na ya sukari, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mama yangu. Alifanya kazi katika maabara ndogo ya miche ya ndizi nje ya mji wa Kisii, kazi ya kuosha chupa, na aliporudi kwetu, vilimani nyuma ya Keroka, harufu ilitangulia kuingia, yeye akafuata. Aga ni unga mweupe unaotokana na mwani, yale majani ya baharini. Ukiuchemsha na maji kisha ukauacha upoe, maji yote huganda yakawa jeli, hata nyumba isiyo na friji. Pale maabara waliimimina jeli hiyo chupani, wakasimika humo vipande vya mgomba vidogo kama kucha, navyo vikaota mizizi na majani kabla ya kuujua udongo. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeimaliza migomba ya watu, kila mtu alitaka miche safi, kwa hiyo chupa hazikuisha. Ukungu ukiingia katika chupa moja, jeli yote huharibika, na mama ndiye aliyeikwangua. Alikuwa na vidole vya mtu aliyetoka kufua, siku zote, hata Sabato.

Likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, magokoro, yaani bibi yangu mzaa baba, aliletwa nyumbani kutoka hospitalini baada ya kupigwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulilala na mdomo ukapinda, lakini akili ilibaki palepale ilipokuwa, kali, na maneno aliyapata, ingawa yalitoka taratibu. Kilichomshinda ni kumeza. Uji mzito wa wimbi ulipita, maji hayakupita. Kila tulipompa kijiko cha maji alipaliwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka, na sisi tukabaki tumeshika kikombe kama wajinga. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba maji yakimwingia mapafuni yatamuua, na asipopata maji kabisa atakufa vilevile. Kufikia wiki ya pili midomo yake ilikuwa imepasuka na alikuwa ameanza kusinzia mchana kutwa. Mama alimgeuza na kumwosha alfajiri, akaenda kuosha chupa, akarudi kumwosha tena. Baba alifanya kazi Narok. Alikuja mara moja kwa mwezi, akasema pole, akarudi. Sikumbuki kumwona mama ameketi msimu ule, ila kanisani na jioni moja tu.

Aliyetupa wazo ni Kerubo, fundi wa pale maabara, mwanamke mwenye miwani mizito na roho nyepesi. Alimwambia mama kwamba aga huliwa pia, kwamba kuna nchi za mbali watu huipika na sukari na maziwa, na kwamba maji yakigandishwa laini hayamkimbilii mgonjwa kooni. Akampa unga uliobaki katika kopo, ambao haukuwa umechanganywa na dawa yoyote. Jioni ile mama alikamua pasheni, akachuja, akachemsha na sukari na unga kidogo tu ili jeli isiwe ngumu, akamimina kwenye sahani. Niliweka kidevu mezani kuitazama ikiganda. Ilianzia pembeni, ikaja katikati, na nilipoigusa ilitetemeka, ya manjano na safi, nikaona kwamba sasa magokoro amepona.

Magokoro alifunga mdomo. Lazima nieleze kwamba alikuwa Msabato wa benchi la mbele. Kuna harusi moja kule Magwagwa walikogawa jeli nyekundu, naye alipoambiwa katikati ya kula kwamba hiyo huchemshwa kutokana na mifupa na ngozi, ikiwemo ya nguruwe, alitoka nje akasukutua mdomo mbele ya wageni wote, bibi harusi akitazama. Mama alimweleza polepole kwamba ile ni nyingine, hii inatoka baharini. Hapo akawa ameharibu kabisa.

“Baharini,” magokoro alisema. “Ina mapezi? Ina magamba?”

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Kitu cha majini kisicho na mapezi wala magamba hakiliwi, alilijua hilo kabla mama hajazaliwa. Mama akasema ni majani tu, mama, kama mboga. Magokoro alikisukuma kijiko kando, akasema kwamba chakula alichopewa mwanadamu hapo mwanzo ni mimea yenye mbegu. Kama hii ni mimea, ina mbegu? Mama aende akaulize.

Mama hakubishana. Kwetu Gusii kati ya mke na mama mkwe kuna ensoni, heshima yenye aibu ndani yake, ambayo haikuruhusu kumwambia mzazi wa mumeo kwamba anajiua kwa ukaidi. Mjukuu hana ensoni na bibi yake. Mimi nililala kwake, nikala kwake, akaniita mke mwenza na kunisuta kwamba namwibia mume, mume mwenyewe akiwa babu aliyekufa zamani. Mambo mazito ya nyumba ile yalipita kwangu yakienda na yakirudi.

Kesho yake mama alinipeleka kazini kwake. Kerubo alisikiliza swali, akavua miwani.

“Mbegu? Hapana, mama Moraa. Hii kitu haina mbegu, haina maua, hata mizizi ya ukweli haina. Kwani ni nani anauliza?”

Mama alisema hakuna, akaenda kuosha chupa zake. Tulipofika njia ya kwetu, akiwa mbele yangu na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, alisema bila kugeuka, “Akiuliza, ina mbegu.”

Lakini mama hakuulizwa. Tulipoingia tu, magokoro alimtuma akanawe miguu, akanivuta kwa mkono wake mzima. Mkono ulikuwa mkavu kama gome.

“Mke mwenza, wewe ulikuwepo. Ina mbegu?”

Niliona midomo ile.

“Ina,” nikasema. “Ndogondogo, nyeusi.”

Kisha akafunga macho, akaomba, akafungua mdomo. Nilimpa kijiko cha kwanza nikangoja kikohozi. Hakikuja. Nikampa cha pili, cha tatu, hadi nusu ya sahani. Nilipogeuka kumwita mama nilimkuta ameketi kizingitini, miguu ikichuruzika maji, amelala usingizi.

Magokoro aliishi hadi mvua ya masika. Kila sahani aliiombea, akimshukuru Nyasae, Mungu wetu, kwa mmea ule na mbegu zake, nami nikaitikia amina.

Leo nafanya kazi katika maabara ya hospitali. Naimimina aga ileile kwenye visahani, tunapaka juu yake makohozi na usaha wa watu, tunangoja vidudu viote ili daktari ajue dawa ipi itawaua. Nanuka mama yangu. Unga huo sasa unauzwa madukani Kisii katika pakiti ndogo za rangi, na akina mama wa kanisa letu wanaupika kwa ajili ya mlo wa Sabato, pasheni juu, maziwa chini, hakuna anayeuliza chochote. Siku moja nilimuuliza mzee wa kanisa kama mwani unaruhusiwa, akanishangaa. Mboga za baharini? Kwa nini zikatazwe? Kumbe tungemwita tu mtu kama yeye akae na magokoro dakika tano. Hatukuwaza. Watu waliochoka hawawazi, wanashika kilicho karibu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Nilimwambia mama jambo hilo. Aliendelea kuchambua mboga za managu. “Nilikuwa nimechoka, Moraa,” akasema, kisha akaniambia kwamba neno lake lile alilitubia zamani, kabla hata ya mazishi, na likamtoka. Mimi sina bahati hiyo. Nikitoka zamu inayochukua saa kumi na mbili, miguu imevimba, nimepiga magoti mara nyingi nilitaje neno langu niliache hapo. Nashindwa, kwa sababu kila nikianza namwona magokoro anameza.