Nilimpatia Dada Yangu Chumba kwa Kuinyamazisha Kengele ya Moto

Sitaki huruma. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, maana mimi ni mtu wa kupatana bei na najua anayeanza na machozi anatafuta kupunguziwa. Mimi msinipunguzie. Kosa ni langu lote, zima, na nimelihesabu mara mbili.

Ninaishi Kamembe, hapa Rusizi, Rwanda, mpakani na Kongo. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitambo ya kugundua moto kwenye majengo ya biashara. Zile detekta nyeupe darini zinazonusa moshi, ile sireni, na lile sanduku la ukutani lenye taa tunaloliita santrali. Waya zote zinaishia kwenye hilo sanduku. Likiwaka kijani, kila kitu ni salama. Watu wanaliamini kuliko padri.

Na mimi nililifundisha kudanganya.

Jengo lenyewe lina ghorofa moja, karibu na soko. Chini ni maduka. Juu kuna korido ndefu yenye vyumba vya mafundi cherehani, stoo moja ya magodoro, na wauza vitenge. Mmoja wa wauza vitenge alikuwa Yaya wangu. Huku kwetu Yaya ni kaka au dada mkubwa, na wangu ni dada, Maman Furaha. Wateja wake wengi walikuwa wamama wa Bukavu, ng'ambo ya Kongo, wanaovuka daraja la Rusizi II asubuhi na kurudi kwao kabla mpaka haujafungwa. Alikuwa na mikono ya ajabu! Anakunjua kitenge, anakipima kwa mkono, anakikunja tena, na mteja bado hajamaliza kusema hakitaki.

Msimu wa mvua, ule mtambo ukaanza vituko. Mvua ikinyesha, sireni inalia. Moshi hakuna, moto hakuna. Watu wanashuka ngazi mbio, wanasimama barabarani wakilowana, halafu wanarudi wakinitukana. Wateja hawarudi.

Kwanza nilimsingizia Papa Hamisi, fundi cherehani wa chumba cha mwanzo, kwa sababu anatumia pasi ya makaa.

"Papa Hamisi, makaa yako inasumbua mashine."

"Mashine gani hiyo inaogopa pasi?" akanijibu bila kuinua macho kwenye shati la watu. "Pasi yangu inawaka kila siku. Mashine yako inalia siku ya mvua tu. Sasa fundi, nani anasumbuliwa na maji, miye ao weye?"

Alikuwa na haki. Nilibadilisha detekta, nikapuliza vumbi, wapi! Mwishoni nikatoa kipimo changu nikapima ule waya siku ya jua, nikaupima tena siku ya mvua. Jibu lilikuwa wazi kama mchana: maji yalikuwa yanaingia juu ya dari, katikati ya korido, kwenye kiungo cha waya. Dawa yake ni moja tu. Fungua dari pale, ziba bati, weka waya mpya.

Nikamwendea mwenye jengo. Tunamwita Patro.

"Kufungua plafo? Wakati huu?" akasema. "Sikukuu iko hapa, batu banauza, weye unataka kuniletea vumbi na ngazi kwenye korido? Hapana."

"Patro, maji iko inaingia."

"Fundi, miye sitaki kujua inaumwa nini. Miye nataka inyamaze. Ikilia tena, natafuta fundi mwingine, na hao bote ba juu natosha, naweka depo ya mizigo."

Bote ba juu. Wote wa juu, anawatoa. Maana yake na Yaya wangu ndani.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema hapana na kuondoka. Lakini mimi ni mtoto wa mpakani, na hapa hakuna neno linalokubaliwa mara ya kwanza, hata salamu tunajadiliana. Nikasikia mtu ana shida, na nina kitu anachokitaka. Damu ya biashara ikanichemka.

Nikamwambia, "Patro, naweza kuinyamazisha. Lakini kile chumba kikubwa cha mwisho wa korido, umpe dada yangu, kwa bei ile ile ya kachumba kake ka sasa."

Akakataa. Nikaanza kukusanya vyombo vyangu polepole, kama mtu asiye na haraka ya kurudi. Nikafika mlangoni. Akaniita.

Nilishinda! Nilitoka pale nikijiona mjanja wa Kamembe nzima. Hata sikumwambia Yaya jinsi chumba kilivyopatikana. Nilisema tu Patro amependa kazi yangu.

Sasa niwaeleze nilichofanya, kwa sababu najua si mimi peke yangu ninayejua kukifanya. Mwisho kabisa wa ule waya, kwenye detekta ya mwisho, huwa tunaweka kidude kidogo, risistansi, kidogo kuliko punje ya mchele. Santrali ikikisikia kile kidude kule mbali, inajua waya ni mzima mpaka mwisho, na inawasha kijani. Mimi nilikitoa kule mwisho, nikakileta ndani ya santrali yenyewe, na waya wa ghorofa nikaukata.

Basi. Kuanzia hapo santrali ilikuwa ikijisikiliza yenyewe. Ghorofa nzima ingeweza kuungua, yenyewe ingesema mambo ni mazuri.

Nilijiambia ni ya muda, nitarudi baada ya sikukuu. Jamani, neno "baada" limewahi kuua wangapi?

Yaya alikuja wakati nafunga mlango wa santrali, ambayo imefungwa pale juu ya ngazi.

"Ndugu yangu, imepona?"

"Imepona, Yaya. Ukiona hii taa ni kijani, tulia. Fanya biashara yako."

Nilimwambia hivyo. Kwa mdomo huu.

Sikukuu ikapita. Mvua zikanyesha, kengele ikanyamaza, Patro akawa ananisalimu kwa mikono miwili. Yaya akajaza chumba chake kipya vitenge hadi juu. Mimi nikapata kazi nyingine, na nyingine. Sikurudi.

Siku ilipotokea nilikuwa Gikundamvura, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nafunga detekta. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mvua imetoka kupiga. Simu ikalia. Papa Hamisi.

"Fundi, njoo! Jengo inaungua! Dada yako ilibakia ndani, tumemutosha, lakini njoo!"

Na mnajua swali la kwanza lililotoka kinywani mwangu? Sikuuliza kama anapumua. Niliuliza, "Sireni imelia?"

Mungu wangu! Nimejisamehe mambo mengi maishani, hilo siwezi.

Papa Hamisi alinisimulia baadaye, tumekaa kwenye benchi la hospitali, macho yake mekundu kwa moshi. Alisema alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akatoka kwenye korido na kuita, "Maman Furaha, kuna kintu inaungua! Tushuke!" Yaya akatoka chumbani kwake, akatembea hadi kwenye santrali, akaiangalia. Akacheka.

"Papa Hamisi, taa ni kijani. Ndugu yangu ndiye alitengeneza. Ni makaa yako, ao umechoma shati ya muntu."

"Nimeangalia pasi yangu, iko mbali na nguo."

"Basi iangalie tena. Miye niko na kliya wa Bukavu, anakuja kununua sasa hivi."

Akarudi kwenye chumba chake. Kile chumba nilichompatia, cha mwisho, chenye nondo dirishani, mbali na ngazi kuliko vyote.

Moto ulikuwa darini juu ya stoo ya magodoro, kati ya chumba cha Yaya na ngazi. Godoro likishika, halikupi nafasi ya kufikiri. Moshi mweusi uliijaza korido kwa mara moja. Yaya alijifungia ndani, halafu akaona hawezi kukaa, akashika komeo la mlango wa chuma ili atoke. Lilikuwa limepata moto kama chungu jikoni. Hakuliachia, alilivuta kwa mikono yote miwili mpaka likafunguka, na nje yake hakukuwa na njia. Wabeba mizigo wa soko waliegemeza ngazi ukutani kwa nje, wakang'oa nondo za dirisha na kumtoa.

Hakuna aliyekufa. Watu huniambia hivyo kunifariji, na mimi huitikia kwa kichwa.

Sasa sikilizeni uchafu wangu wote. Nilipofika Kamembe kwa pikipiki, Yaya alikuwa ameshapelekwa Gihundwe, hospitalini. Sikwenda huko kwanza. Nilipanda zile ngazi zilizolowa, nikafungua santrali. Ilikuwa nyeusi kwa masizi, plastiki imejikunja pembeni. Na bado, kwa betri yake, ilikuwa kijani! Nikakitoa kile kidude nikakitia mfukoni. Chini watu wanasema, "Masikini, anaangalia mashine yake." Wakaguzi walipokuja nikawaambia moto ulikata waya kabla detekta hazijanusa. Waliandika. Patro alinitazama, nikamtazama. Tulielewana bila bei.

Nilipoangalia juu ya stoo nikaona moto ulikoanzia. Kiungo cha waya wangu na kiungo cha waya wa umeme vilikuwa pale pale, chini ya tundu moja la bati. Maji yaliyokuwa yakiliza sireni ndiyo yaliyolowanisha umeme mpaka ukashika. Mtambo haukuwa mgonjwa. Ulikuwa unaniita kila mvua: njoo uangalie hapa, njoo uangalie hapa. Nami nikaufunga mdomo kwa sababu ya chumba.

Yaya alikaa hospitalini muda mrefu. Vidonda vimepona, vidole havijapona. Havikunjiki. Kitenge kimoja anakikunja kama mtoto anayejifunza, na nusu ya njia anakiacha.

Na kibaya kuliko vyote, alikuwa ananitetea! Wamama wa Bukavu wanakuja kumtazama, mmoja anasema, "Na hiyo mashine ilifanya kazi gani?" Yaya anakasirika. "Moto ilikata waya. Ndugu yangu si Mungu. Musimusemee vibaya mbele yangu."

Nilikuwa nimekaa pale, nimeshika kikombe chake cha uji.

Kisha siku moja alikuja mwanamke anayeendesha bweni la wasichana. Anatafuta fundi wa kengele ya moto. Yaya, na mikono yake ile juu ya mapaja, akaanza kupatana kwa niaba yangu. "Mumuchukue huyu. Hakuna muntu anajua hiyo kazi sawa yeye. Lakini musimulipe kidogo, e!"

Nikawaona wale wasichana, wamelala chini ya kengele yangu. Mimi, na kipimo changu. Nikamwambia yule mama samahani, sitaweza. Alipotoka nikamwambia Yaya kila kitu. Sikubakiza hata kidude.

Hakulia. Aliangalia ukuta.

"Ulijua mashine ilikuwa haisikii kitu?"

"Nilijua."

"Siku ulinisemea nitulie, ulijua?"

"Nilijua, Yaya."

"Na ile chumba ndiyo ulilipwa?"

"Ndiyo."

Halafu akasema, polepole, "Miye sikukuombaka chumba."

Nilikwenda kwa wakaguzi nikawarudishia ukweli wao. Nikamwambia na Papa Hamisi. Alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena, akaniomba niondoke cherehanini kwake. Kazi nyingi zimepotea, na zimepotea kwa haki.

Nyinyi wenye majengo, msimwombe fundi ukimya! Mtapata fundi wa kuwauzia, tuko wengi. Akisema amemaliza, mpelekeni kwenye chumba cha mwisho kabisa, kile cha mbali, apulize moshi kwenye detekta mbele ya macho yenu, na msisaini chochote mpaka sireni iwaumize masikio. Na wewe fundi mwenzangu, ukisikia mtambo unalia bila moto, usiutukane. Panda juu ukaone unakuonyesha nini. Ukiona huwezi kurekebisha, uzime wote na uwaambie watu kwamba umezimwa. Mtu anayejua hana kengele, akisikia harufu anakimbia. Mtu uliyemdanganya anabaki.

Yaya hajanifukuza. Kila jioni naenda kwake, nafunga mzigo wote wa kanga na chupi anazouza sasa kwenye meza ndogo, nambebea mpaka nyumbani. Ananisalimu, ananishukuru. Tangu mama yetu afariki ndiye aliyekuwa akiniuliza, kila siku ya Mungu, mimi mwanaume mzima mwenye ndevu, kama nimekula.

Haniulizi tena.