Unga wa Muhogo Juu ya Giaboksi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka damu bado inanichemka, na umri wangu huu si wa kuchemka damu. Siku hiyo mjomba alilipiga teke gurudumu la pikapu la marehemu baba, akatangaza mbele ya mama na mbele yangu: "Hili limekufa. Ijumaa baada ya swala anakuja mtu wa vyuma chakavu kulichukua."

Hakuinama. Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Alisimama wima na kanzu yake, akaona doa la mafuta mchangani, akatoa hukumu.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, tunaishi hapahapa Likombe, baba ana miezi minne kaburini. Pikapu lile ndilo lililotuletea mihogo na korosho kutoka shambani Ziwani, na ndilo baba alilonifundishia kuendesha. Likiondoka, mama anarudi kubeba mizigo kichwani. Na wewe unajua kwetu mjomba ni nani. Baba anakuzaa, lakini mjomba ndiye mwenye kauli, na mama alikuwa ameshainamisha uso. Mimi nikasema, "Mjomba, halijafa, linavuja tu. Nipe mpaka Ijumaa."

Alicheka. Akachukua boksi tupu lililokuwa barazani, akalichana, akalitandika chini ya giaboksi. "Ijumaa nikikuta hapa tone moja, linaondoka. Na wewe utafute mume, uache kuchezea vyuma."

Ee, nilikasirika! Na hasira zile ndizo zilizonikosesha. Badala ya kuangalia, nikaziba. Sisi watu wa huku kwa kuziba hatujambo. Tangi la petroli likitoboka tunasugua sabuni ya kipande, safari inaendelea. Nikaponda sabuni, nikaichanganya na utomvu wa mkorosho, nikaingia chini ya gari na kupaka kila palipokuwa na unyevu. Juu ya giaboksi nikapapasa kitundu kidogo chenye jasho la mafuta. Nacho nikakishindilia, tena kwa fahari, huku nikijisemea: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho yake boksi lilikuwa kavu. Nilitamba mtaa mzima kwamba mjomba ataumbuka.

Jumanne nikaenda Ziwani kupakia mihogo. Wakati wa kurudi nikaanza kusikia harufu ya kuungua, nikajipa moyo kwamba ni breki. Nilipoegesha nyumbani mafuta hayakudondoka, yalimwagika. Boksi la mjomba lililowa lote. Nikakaa chini nikalia, wala sikulia kwa ajili ya gari. Nilililia kule kuona kwamba mjomba alikuwa anaelekea kushinda.

Aliyenikuta pale ni jirani yetu Fundi Momade, Mmakua ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma zamani. Kwetu alikuwa mtani, na mtani anaweza kukwambia msibani neno ambalo mwingine hathubutu kukwambia hata harusini. Aliweka mfuko wake chini, mzee mzima yule, akalala chali mchangani, akachungulia kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Nyie Wamakonde nyie! Mtu mnamziba pua na mdomo, halafu mnashangaa macho yakimtoka!"

Nikajitetea kwa ile methali ya ufa. Akanikata kauli. "Hiyo methali ya ukuta, mtani. Hili giaboksi. Likifanya kazi linapata joto, likipata joto linapumua, na hicho kitundu ndiyo pua yake. Umeliziba pumzi, mafuta yakaisukuma sili ya nyuma mpaka ikalegea." Kisha akaacha utani, na hapo ndipo aliponichoma. "Mjomba wako kahukumu bila kuinama. Wewe umeinama, lakini hukuangalia. Mna tofauti gani?"

Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini sijawahi kupigwa na neno kama lile.

Nikamwomba anitengenezee. Akakataa katakata. "Gari lenu, mgongo wako." Akanielekeza tu, naye amekaa juu ya ndoo. Nilipandisha nyuma ya gari kwa jeki juu ya magogo, nikazuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Kazi ya kwanza ilikuwa kufuta. Nilifuta giaboksi kwa mafuta ya taa na matambara mpaka chuma kikaonekana, maana uchafu, alisema, ndio unaoficha mwizi. Nikakizibua kile kitundu kwa waya. Nikafungua propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nikaitoa sili iliyoharibika, ile pete ya mpira inayozuia mafuta pale propela inapoingilia. Mpira wake ulikuwa umekauka kama ganda. Fundi akapekua kopo lake, akapata nyingine ya kipimo kilekile. Nikaipaka mafuta, nikaigonga polepole kwa kipande cha mti, kila upande sawa, mpaka ikakaa. Nikairudisha propela, nikajaza oili mpya.

Nilidhani tumemaliza. Momade akamwita mama, "Dada, una unga humo ndani?" Mama, ambaye tangu siku ile hakuwa amesema neno, akatoka na ungo wa unga wa muhogo, ndio ugali wetu wa siku hiyo. Tukaupaka juu ya giaboksi lote, likawa jeupe, ili mafuta yakitoka popote yaonekane. Nikaendesha nikazunguka nalo mpaka likapata moto, nikarudi nikachungulia. Unga ulikuwa mkavu kote, isipokuwa mstari mmoja mwembamba uliotokea kwenye boliti ya mfuniko. Nikaikaza. Nikapaka tena, nikaenda Ziwani na kurudi na mzigo. Safari hii ulibaki mweupe.

Ijumaa mjomba akaja na mtu wake wa vyuma. Akalitazama boksi, kavu. "Umelibadilisha," akasema. Kweli nilikuwa nimelibadilisha, la kwanza lilikuwa limelowa, na nikamwambia hivyo hivyo bila kuficha. Akamgeukia yule mtu amfungie gari kamba.

Nikasimama mbele ya boneti. "Halifungwi. Inama kwanza, mjomba."

Kwetu mjomba haambiwi inama. Nilijua nimekosa adabu, nikajua pia kwamba heshima si utumwa. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu, ya mama.

"Kaka, inama."

Akainama. Kanzu ikagusa mchanga. Alikaa kule chini kitambo, na alipotoka alikuwa na unga wa muhogo kwenye ncha ya pua. Hakukiri, hakuomba radhi, mpaka anakufa hakuwahi kusema nilishinda. Alimwambia tu yule mtu wa vyuma, "Twende." Hilo lilinitosha.

Sasa nakwambia kwa nini nimekukalisha hapa. Juzi umesimama uani, simu mkononi, ukaliona doa chini ya pikapu lilelile, ukaniambia, "Bibi, hili limekufa, tuliuze." Mimi nikaangalia magoti yako. Hayakukunjika.

Mwanangu, usimkubalie mtu anayekwambia chako kimekufa kama hajainama kukichungulia, awe mjomba, awe fundi, awe mkubwa wa ofisi. Msimamie mbele ya boneti. Lakini haki hiyo uipate kwa kulala wewe kwanza mchangani, ufute uchafu, uone kinapovujia, ndipo utie mkono. Usikimbilie kuziba kwa sababu watu wanakucheka. Na ukikosea, kubali kama nilivyokubali mimi, halafu uanze upya kabla ya Ijumaa.

Ungo ule pale, unga nimeshauchekecha. Vua hilo shati jeupe uingie chini ya gari. Mola akujalie mgongo unaojua kuinama, mwanangu, na shingo asiyoweza mtu kuikunja.