Kimya cha Mama Sikudhani

Usiku ule nililala na nguo za kazini, maana hata kuvua viatu kulinishinda. Nilikuwa nimetoka machimboni, ambako shimo lilimfukia kijana mmoja, na taarifa ya redio ya asubuhi nilikwisha kuiandaa. Mwaka huo nilikuwa nimewauliza wafiwa wengi mno wanajisikiaje. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka swali likawa linanitoka mdomoni lenyewe, kama salamu.

Akaja Mwalimu Kassimu, aliyenifundisha kazi hii, ambaye tulimzika masika yaliyopita. Niko naye studio. Kanzu yake ina vumbi la machimbo. Namwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," haitikii. Anavaa visikilizio, anafumba macho, anaisikiliza taarifa yangu. Ni sauti ya Mama Sikudhani, mama wa yule kijana. Anasema mwanawe aliondoka bila kunywa chai, halafu papo hapo anasema serikali iwasaidie.

"Hapa katikati alinyamaza," Mwalimu anasema.

"Alinyamaza sana, Mwalimu. Nimekata. Redioni kimya ni kosa, si ulitufundisha mwenyewe?"

Kuta za studio hazipo tena. Tumesimama ukingoni mwa shimo, na Mama Sikudhani ameketi chini, pindo la kanga kalibana kwa meno, anautazama udongo. Mkono wangu umemnyooshea maikrofoni. Nataka kumtupia swali jingine, Mwalimu ananishika kiganja. Naona haya, haya ambayo sijawahi kuiona kazini.

"Niliwafundisha kukata kikohozi," anasema taratibu. "Huyu hakukohoa, mwanangu."

Nikaamka nalia. Nje kumekucha, jirani anafagia uwanja. Nikampigia simu mhariri wa zamu, nikamwomba asiirushe taarifa yangu mpaka nifike, nikirudishe nilichokikata.

"Kimya chote kile? Wewe dada una wazimu? Watu watadhani mitambo imezima, wahamie redio nyingine!"

"Wasubiri kidogo," nikamwambia, huku natafuta ufunguo wa mlango. "Mwanawe hajatolewa bado. Yeye amekaa palepale, anasubiri."