Injini Isiyozimwa

Asubuhi ile nilikuwa nimelala chali chini ya lori, nikimwaga oili kuukuu. Nilikuwa fundi wa magari jeshini, na kambi yetu ilikuwa kusini mwa Somalia. Dereva wa lori hilo, Musyoka, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gurudumu akinywa chai. Kando yake alisimama Daktari Nekesa, daktari wa upasuaji wa kambi, naye akiwa na kikombe chake. Hema lake halikuwa mbali na karakana yangu, kwa sababu jenereta moja ilituhudumia sote.

Musyoka ni Mkamba aliyeoa Kajiado, na hawezi kukaa dakika tano bila kumchokoza mtu.

"Daktari, wewe na huyu si mnafanya kazi moja? Mnafungua, mnachungulia, mnafunga. Mkibakisha nati, mnanyamaza."

Nilicheka kule chini. Daktari alikunywa chai kwanza.

"Kazi ni moja," alisema. "Tofauti ni kwamba huyu huzima kwanza. Mimi nikizima, nimempoteza mtu."

"Umesikia, fundi? Umeitwa mwoga."

"Nimeitwa mtu mwenye vidole kumi," nikamjibu.

Nieleze hapa, kwa asiyejua kazi yetu. "Zima kwanza" ndilo neno la kwanza fundi analofundishwa. Unazima, unatoa ufunguo na kuutia mfukoni, unangoja injini ipoe, ndipo unaingiza mkono. Mafundi niliowajua waliopoteza kidole walikipoteza siku walipoona uvivu kuzima. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ambaye kazi yake yote, kila siku, ni kuingiza mkono ndani ya injini inayozunguka.

Nilipomaliza, Kibet, askari aliyekaa na Musyoka mbele kila safari, alipiga honi kumharakisha. Wakaondoka kuchota maji.

Alasiri, wakirudi, lori lilikanyaga bomu.

Waliletwa na gari lililokuwa nyuma yao. Mguu wa kulia wa Musyoka ulikuwa umefungwa kwa mshipi juu ya goti. Kibet alikuwa amefunikwa koti, hata usoni.

Daktari Nekesa alimwingiza Musyoka hemani. Hakuwa amefanya kazi kwa muda mrefu wakati makombora yalipoanza kuanguka kambini.

Moja lilianguka nyuma ya karakana.

Nilipoinua kichwa, jenereta bado ilikuwa ikinguruma, lakini mvuke ulikuwa ukiruka kando. Kipande cha chuma kilikuwa kimetoboa paipu ya mpira inayopitisha maji ya rejeta, yale yanayopoza injini. Bila maji, injini ingepata moto na kukwama baada ya dakika chache. Ikikwama, taa za hema zingezimika, pamoja na mashine ya kufyonza damu, na daktari asingeona anachoshona.

Mkono wangu ulienda kwenye swichi wenyewe, kwa mazoea.

Nikauzuia. Nilikimbia hadi mlango wa hema.

"Daktari, nipe dakika tano nizime, nifunge paipu."

Hakuinua macho. "Siko na dakika tano. Uko na mikono?"

"Niko nayo."

"Basi ifunge ikitembea."

Nilikata ukanda wa tyubu ya gurudumu. Nikafunika kifuniko cha rejeta kwa gunia, nikakilegeza kidogo ili presha ipungue.

Kisha nikaingiza mkono.

Feni ilikuwa ikizunguka inchi mbili kutoka kwenye kidole gumba changu.

Maji ya moto yalinimwagikia kiganjani. Nilizungusha ukanda. Ukateleza. Nikazungusha tena, nikiuvuta kila mzunguko.

Kombora lingine. Sikuangalia lilikoanguka.

Mvuke ukapungua.

Nikaanza kuongeza maji kidogo kidogo, kwa sababu maji baridi mengi kwa mpigo hupasua injini iliyopata moto. Niliendelea hivyo mpaka daktari alipotoka nje, glavu zikiwa mkononi. Makombora yalikuwa yamekoma. Sijui yalikoma lini.

"Ataishi," alisema. "Mguu nimeukata." Akautazama mkono wangu uliojaa malengelenge. "Sasa unaweza kuzima."

Wiki iliyofuata nilipata paipu mpya, na jenereta ikawa kama haikuwahi kuguswa. Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya pili kati yetu, ambayo daktari hakuisema wakati wa chai. Mimi nina stoo ya spea.

Sasa niko na gereji hapa Kitengela, na wanaojifunza kwangu bado nawafundisha kuzima kwanza. Miezi michache iliyopita Musyoka alifika kutoka Kajiado katika gari dogo la otomatiki, mke wake akiendesha.

"Supa, fundi!" alinisalimu kwa Kimaasai cha wakwe zake.

"Ipa. Umekuja kuchungulia kama nimebakisha nati?"

"Nimekuja unihamishie aksileta upande wa kushoto. Nimechoka kuendeshwa kama askofu."

Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Nilipima urefu wa mguu wake wa kushoto mara tatu, na pedali hiyo ya mafuta nikaichomelea upya kila ilipomchosha kifundo. Ilipokuwa tayari, tuliijaribu kwenye barabara ya Namanga, yeye kwenye usukani, mimi kando yake. Aliendesha vizuri, akiimba.

Karibu na Isinya mbuzi waliingia barabarani ghafla. Mguu wa kushoto ulikanyaga breki, gari likasimama palipofaa. Lakini niliona paja la kulia nalo likikaza na kusukuma chini, kwa nguvu, kwenye sakafu isiyoguswa na kitu.

"Huo nao bado unafanya kazi," Musyoka alisema, akitazama mbele. "Kila siku."

Kisha akageuza shingo, akakitazama kiti nilichokalia, upande ambao Kibet alizoea kukaa. Nikajua anachokiona. Kwa jeraha hilo, mimi na daktari sote hatuna chombo.

Tukangoja mbuzi wavuke. Hakuizima injini. Wa mwisho alipopita, Musyoka alikanyaga aksileta kwa mguu alio nao, tukaendelea.