Ukuta wa Chumvi wa Shemeji Senusi

Shemeji yangu Senusi ni mbishi, na nimeshamwambia usoni. Nilipomwoza dada yangu Mabruka nilijua atakaa kwenye nyumba ya saruji, kama watu wengi hapa Siwa, jangwani Misri, siku hizi. Haukupita mwaka, bwana huyu akamhamishia kwenye gofu la babu yake, nyumba ya mabonge ya chumvi na udongo wa ziwani.

"Shemeji, umefilisika?" nikamuuliza.

"Joto ndilo limenifilisi, Amran. Umeme ukikatika, ile ya saruji ni tanuri. Hii haiujui umeme."

Kazi yake ni kukamua mafuta ya zeituni. Akitoka huko, anapandisha magogo ya mitende darini, anaziba nyufa, anatoboa vidirisha upande wa kaskazini. Kiyoyozi chake akanigawia mimi, eti nibaki nacho nikipende. Na kweli, inaniuma kusema, kiangazi kile kila adhuhuri nilikuwa kwake. Nje jua linachoma, ndani unatafuta shuka.

Mabruka alipokaribia kujifungua, mama yetu akaja juu. Wageni watakuja siku ya saba kumpa mtoto jina, halafu wakute ukuta wa tope? Akataka ule wa mbele upigwe plasta ya saruji. Senusi alikataa weee, mwisho akachoka. Utabishana na mkweo mpaka lini?

"Haya mama, upigwe."

Hapo ndipo tulipoharibu.

Wenzetu kwingine huomba mvua. Sisi, chumvi na maji haviivani, tukiona wingu jeusi tunaingiwa na hofu. Mtoto hajafikisha siku saba, mvua ikashuka asubuhi, nzito, haina huruma. Na kwetu mzazi hatoki nje kabla ya siku ya saba. Nikatoka mbio kwenda kwao. Nikamkuta Mabruka amelala mkekani chini ya ukuta wa mbele, mtoto kifuani, na Senusi amebandika sikio ukutani.

"Unasikiliza nini, we mwendawazimu?"

"Nyamaza. Unalika."

Maji yalikuwa yamepenya nyuma ya plasta na kukosa pa kutokea. Chumvi inayeyuka ndani, nje ukuta unaonekana mpya. Niliugusa kwa ndani, mkono ukarudi na rojo.

"Tumtoe!"

"Hatoki mtu!" Mama alikuwa mlangoni, mikono ameitanua. "Mzazi mbichi atoke mvuani, mtoto apatwe na jicho la husuda? Hamumtaki?"

"Mama, ukuta unaanguka!"

"Basi ushikeni! Si wanaume nyie?"

Tukaushika kweli. Mgongo wangu, mgongo wa Senusi, na gogo la mtende tukalitia chini ya dari. Niliogopa, sifichi. Udongo ukaanza kumdondokea mtoto usoni. Senusi hawezi kumsukuma mama mkwe wake, kwetu huo ni ufedhuli usiosameheka. Akawa analia tu, "Mama, nakuomba. Mama, nakuomba."

Mabruka akainuka mwenyewe, amejikunja kwa maumivu.

"Mama, nipishe."

"Mwanangu, mila..."

"Nipishe, au utuzike wote hapa mlangoni."

Mama akapisha. Mabruka akatoka mvuani na mtoto ndani ya shuka, sisi nyuma yake. Ukuta ukaporomoka chumbani, ukaufunika ule mkeka wote. Mama aliketi chini kwenye maji.

Mvua ilipokatika nilikuwa nimefura kwa hasira.

"Basi! Dada unarudi kwenye saruji leo hii. Shemeji, umetuonyesha ulichotaka."

Senusi alikuwa ameshainama. Anabandua vipande vya saruji kwenye kifusi, uso umemshuka, anangoja tu nimchukue mkewe.

Mabruka, amekaa barazani kwa jirani, aliziangalia zile kuta nyingine tatu, zisizopigwa plasta. Zilikuwa zimelowa ngozi tu, zimesimama.

"Kaka, acha domo," akasema. "Siendi popote. Mtoto wangu hawezi kulelewa kwenye tanuri. Vua kanzu umsaidie mume wangu."

Nikageuka kwa mama, nikijua yeye atanitetea. Mama alikuwa ameshavua viatu, amekunja nguo mpaka magotini, anaingia topeni.

"Nionyeshe, baba," alimwambia Senusi kwa sauti ya chini. "Bonge la kwanza linakaa wapi?"